Ombi la Kuilaza Nyumba Ubavu

Chumba Na. 9,
Ghorofa ya Tatu.
17 Februari.

Kwa Mheshimiwa Mwenye Nyumba,
Ghorofa ya Tano.
(Kwa mkono wa Msimamizi)

YAH: KIYOYOZI CHANGU, DIRISHA LAKO, NA OMBI LA KUILAZA NYUMBA UBAVU

Mzee wetu,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba umeketi mahali penye hewa ya kutosha kuisoma mpaka mwisho. Hapa Chumba Na. 9 hatujambo, ingawa nikisema "hatujambo" ninajisemea mimi na kiti. Mke wangu alihama tarehe 13, saa tano asubuhi, yeye na cherehani yake, akashuka ghorofa ya chini kwa dada yake. Hatukugombana. Ameondoka kwa sababu ya joto. Lengo la barua hii ni moja tu, mke wangu arudi, na baada ya kulitafakari jambo hili kwa utaratibu siku nne mfululizo nimeona njia iliyobaki ni wewe kuilaza nyumba yako kwa ubavu wa kushoto.

Najua sentensi hiyo ya mwisho inaweza kukushtua. Kwa hiyo nitakwenda hatua kwa hatua, kwa tarehe, kama mambo yalivyo katika daftari langu la kila siku, ambalo sijaruka hata siku moja tangu nilipomaliza kidato cha nne.

Kwanza, asili ya jambo lenyewe. Kama unavyojua, mimi ni karani wa masjala. Mwishoni mwa Januari ofisi yetu ilihamia jengo jipya, na mkuu wangu wa kazi akanizawadia kiyoyozi cha dirishani cha ofisi ya zamani, kwa kuwa katika miaka kumi na tisa sijapoteza jalada hata moja. Ni kizuri, hakina kutu. Uzito wake kilo 31, upana sentimita 47, kimo sentimita 36. Ubavuni kina mbawa mbili za plastiki za kukunjua, kila moja hunyooka sentimita 32. Naomba uvishike vipimo hivyo akilini, maana ndivyo vilivyonifikisha kwa mwenye winchi.

Mke wangu ni fundi cherehani, na unamfahamu vizuri, ndiye aliyekulegezea kiuno cha suruali ya kijivu mara mbili. Anashonea mlemle chumbani, mbele ya dirisha. Mwezi huu ana gauni la bibi harusi la satini nyeupe, linalotakiwa tarehe 28. Satini nyeupe haina msamaha, Mzee. Tone moja la jasho huacha duara, na duara hilo litakwenda na bibi harusi mpaka kwenye picha. Kiyoyozi kililetwa kwa ajili ya satini. Mimi binafsi jasho langu sijawahi kulilalamikia.

Yafuatayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Dirisha lako linafunguka kuelekea pembeni.

Ofisini kwetu kioo kilikuwa kikipanda juu. Unaweka kiyoyozi chini, unashusha kioo, kinakikalia kiyoyozi kichwani kama kofia, unakunjua mbawa kuziba kushoto na kulia, kazi imekwisha, unapiga miayo. Dirisha lako husukumwa pembeni. Ukilifungua unapata pengo refu na jembamba, kama mtu mrefu aliyesimama akisubiri kuitwa. Mbawa za kiyoyozi zinaziba pembeni, ambako kioo chenyewe kimeshaziba. Juu, ambako ndiko kwenye shida, hazifiki. Ni sawa na kumpa mtu mwavuli wa kufunikia miguu.

Hapo sijasema kwamba lilikuwa halifunguki. Tangu lilipopakwa rangi ya mafuta miaka kumi na moja iliyopita, kioo na reli yake vilishikana kama ndugu, na hatujawahi kupata zaidi ya upana wa kiganja. Tarehe 4 alikuja fundi wa majokofu, yule tunayemwita Barafu. Alikwangua rangi kwa patasi asubuhi nzima, akapaka reli nta ya mshumaa, kisha akafunga vyuma viwili vya pembetatu kwa nje vya kubebea mzigo. Akakinyanyua kiyoyozi kifuani na kuniamuru nisukume kioo. Mimi nilitaka kwanza nipime. Barafu alipiga kelele zilizosikika mpaka kwenu juu: "Mzee, sukuma! Utapima kaburi langu!" Nikasukuma sentimita 47 kamili, akakipachika papo hapo, akakaa sakafuni dakika kumi.

2. Pengo la juu.

Dirisha lina kimo cha sentimita 110. Toa 36 za kiyoyozi, zinabaki 74. Katika sentimita hizo 74 iliingia hewa ya moto yote iliyokuwa haina pa kwenda mtaani. Baya zaidi, kiyoyozi hutupa joto lake kwa nyuma, na joto ni kitu cha kupanda, kwa hiyo lilipanda, likaliona pengo, likarudi ndani. Tulikuwa tunapoza chumba kwa mbele na kukipasha kwa juu, kwa umeme uleule. Daftari langu la tarehe 5 linasema: "Mlango tumeufunga ili baridi isitoke. Magoti yanatetemeka, kichwa kinachemka. Mke amevaa soksi na huku anajipepea."

Tarehe 6 niliziba pengo kwa plaiwudi, nikaipiga msasa pande zote mbili. Kabla vumbi halijatua, Msimamizi wako, ambaye watoto wa ngazini humwita Makufuli, alikuwa mlangoni na Kanuni Na. 14: ni marufuku kuweka ubao dirishani, kwa kuwa nyumba itaonekana kama imehamwa. Nikauliza habari ya katoni. Akageuza karatasi. Katoni iko kwenye kifungu (b). Nikauliza habari ya plastiki. Akaniambia nisubiri palepale mlangoni, akashuka, akarudi na kifungu (c) ambacho wino wake ulikuwa bado mbichi.

3. Kukosewa heshima kwa vazi la dirisha.

Hapo mke wangu aliinuka. Alilipima dirisha kwa tepu yake kama anavyompima mteja, akaandika katika daftari lake la vipimo: "Dirisha. Kifua 47. Urefu 74. Halina mikono." Akalishonea vazi la kitambaa kizito, ndani sponji, pembeni lastiki, katikati mishono ya kukatana kama ya godoro, na mkanda wa kufungia kiunoni mwa kiyoyozi. Kwa siku nne, Mzee, tulikuwa watu. Chumba kilikuwa kama kisima. Majirani watatu walikuja kuagiza vazi kama hilo, na hakuna kati yao mwenye kiyoyozi.

Tarehe 11 Makufuli alileta Kanuni Na. 15, inayokataza kuanika nguo madirishani. Nilimweleza kwa adabu kwamba nguo ambayo haijavaliwa na mtu wala kufuliwa haiwezi kuwa imeanikwa. Alinijibu: "Karani, kitambaa ni kitambaa. Ukitaka kunifundisha kazi, nipe na mshahara wako." Kesho yake akaleta barua yako yenye sahihi, inayoagiza vazi livuliwe siku hiyohiyo, na "dirisha lirudishwe katika hali yake ya kawaida" kabla ya jioni ya tarehe 18. Tulilivua vazi dakika ileile. Sisi ni watu wa kufuata kanuni, hata zikitufuata mpaka ndani.

4. Yaliyotokea tarehe 13.

Saa nne asubuhi alikuja mama mzazi wa bibi harusi kulitazama gauni. Mke wangu alikuwa ameinama juu ya pindo, miguu ikiwa baridi kama ya samaki, na paji la uso likiwa chini ya pengo. Tone lilidondoka. Liliangukia upande wa ndani wa pindo, Mungu ni mkubwa, litafichwa na mshono. Lakini sote watatu tulilisikia likitua. Mama wa bibi harusi akasema kwa sauti ya upole, ile ya kuogopesha: "Fundi, mwanangu anaolewa mara moja." Mke wangu akalitazama tone, akanitazama mimi, akakitazama kiyoyozi, kisha akaanza kufungua skrubu za meza ya cherehani. "Mume wangu," akaniambia, "mimi na gauni hili tunashuka. Wewe baki na mgeni wako."

Dada yake ana saluni ya kunyolea ghorofa ya chini, sakafu ya saruji, kivuli tangu asubuhi. Nilishuka kujadiliana. Shemeji, huyo dada yake, alinipokea mbele ya wateja kwa maneno haya: "Shemeji, kama umeshindwa kumpoza mkeo, mwache apoe kwetu." Wateja walicheka mpaka mmoja akakatwa sharafa. Tena shemeji ana msimamo: hapokei watu wa kukaakaa tu; anayekalia kiti chake sharti anyolewe. Ndiyo sababu, Mzee, kama ulinipita ngazini juzi na hukunitambua, si kosa lako. Nimenyolewa mara tatu katika siku nne ili nikae karibu na mke wangu. Jana shemeji alipitisha mashine hewani tu, kwa heshima, maana hakuna kilichobaki.

Juu huku ninakula nimesimama. Nikikaa mezani naona alama nne za miguu ya cherehani kwenye zulia. Jumatatu nilirudi kazini nikafungua jalada la mtu mwingine na kuandika ndani yake jina la mke wangu. Ni kosa langu la kwanza katika miaka kumi na tisa, na nimelirekebisha, lakini nimelirekodi.

5. Jaribio la kukilaza kiyoyozi.

Tarehe 14 nilijiambia: kama dirisha halitaki kukifuata kiyoyozi, kiyoyozi kilifuate dirisha. Barafu alikataa. Nikasisitiza. Tulikilaza kwa ubavu palepale kwenye vyuma vyake, na kwa hakika kwa dakika moja kilipendeza. Kisha kikakoroma. Maji yake, ambayo hutakiwa kutoka kwa nyuma, yakaona ni karibu zaidi kutokea mbele, yakaingia kwenye droo ya vifungo. Vifungo vya lulu vya bibi harusi vilikuwa vimeshashuka na mke wangu, nashukuru. Barafu alikisimamisha haraka akikipapasa kama mzazi. "Hiki ukikilaza kinazimia kama mtu," akasema. "Kina mafuta tumboni, yanapanda kichwani." Nimeandika maneno hayo kama yalivyo, kwa sababu ndiyo ushahidi wa kitaalamu: kiyoyozi hakilali.

6. Jaribio la kuligeuza dirisha.

Halikufanyika. Kanuni Na. 3 inakataza kugusa fremu.

7. Hitimisho.

Basi tuhesabu pamoja. Kiyoyozi hakilali. Fremu haiguswi. Pengo halizibwi kwa ubao, wala katoni, wala plastiki, wala vazi. Mke hatoki jasho juu ya satini. Katika vitu vyote vinavyohusika na jambo hili, kimoja tu hakijakatazwa kusogea, nacho ni nyumba.

Nimezisoma Kanuni zako zote thelathini na moja, mara mbili, mara ya pili kwa rula. Hakuna inayokataza kuilaza nyumba. Na ikilazwa kwa ubavu wa kushoto, kila dirisha la nyumba hii litakuwa linafunguka kuelekea juu, kama la ofisini kwetu. Pengo litakuwa na upana wa sentimita 110. Kiyoyozi ni 47, mbawa zake mbili ni 64, jumla 111. Inabaki sentimita moja ya kubana. Sidhani kama hiyo ni sadfa. Nasisitiza ubavu wa kushoto: ikilazwa kwa kulia, kioo cha kusukuma kitakuwa chini na pengo juu, na tutakuwa tumeisumbua nyumba bure.

Jana, tarehe 16, wakati wa mapumziko ya mchana, nilikwenda kwa mwenye winchi. Aliniuliza kama ni nyumba nzima. Nikamwambia nzima. Akauliza kama na watu wamo. Nikamwambia watashika kitu. Alinitazama kichwa kilivyonyolewa, akaniuliza kwa huruma kama nimefiwa. Nilipomweleza habari za dirisha alielewa mara moja, kwa kuwa na yeye ana mke. Anasema winchi yake hunyanyua makontena, nyumba hajawahi, lakini hajawahi pia kuombwa.

Faida ni nyingi na si za Chumba Na. 9 peke yake. Ngazi zitalala, na mama wa pacha wa ghorofa ya nne hatapanda tena na ndoo. Shemeji atakuwa jirani yetu, hatua chache tu kwa upande. Mke wangu atamtembelea bila kuhamia. Wewe mwenyewe, ambaye sasa tunakufikia kwa karatasi tu, utakuwa chini kama sisi, mlango wa tano kutoka barabarani, na mtu akitaka kukusalimia atabisha. Makufuli atapumzisha magoti. Naye atatimiza agizo lako kikamilifu, maana uliandika dirisha lirudi katika hali yake ya kawaida, na hali ya kawaida ya dirisha, kwa uelewa wa watu wengi, ni kufunguka.

Sifichi kwamba kuna usumbufu. Milango itakuwa kama vifuniko vya sufuria na wageni itabidi washushwe. Vitanda vitahitaji siku moja ya kuzoea. Suala la vyoo nakiri bado sijalipatia ufumbuzi ninaoweza kuuandika kwenye barua ya heshima. Lakini nyumba imesimama miaka thelathini, Mzee. Hata askari wa zamu hupewa nafasi ya kulala.

Ninaomba kazi ifanyike kabla ya tarehe 28. Ikishindikana yote, ilazwe nusu, upande wetu.

Nisalimie Mama mwenye nyumba, umwambie avifunge vikombe vyake kwenye magazeti mapema. Wasalimie wote wa ghorofa ya tano, na wa nne ukiwapitia. Makufuli msalimie pia, ingawa ndiye atakayekuletea barua hii na salamu zake ataziona kabla yako. Nasubiri jibu nikiwa, kwa sasa, nimesimama wima.

Mpangaji wako mtiifu,

Karani,
Chumba Na. 9.

Nakala:
Shemeji, ghorofa ya chini
Mwenye winchi
Jalada

Tanbihi, saa tisa alasiri, siku hiyohiyo:

Barua hii ilikuwa imeshapewa namba katika rejista yangu, kwa hiyo siwezi kuichana. Naomba uisome kama ilivyo na kisha usiifuate.

Saa nane Makufuli aliingia na mafundi wawili, siku moja kabla ya muda ulioutoa, akasema amechoka kusubiri. Walikitoa kiyoyozi, wakaacha mlango wazi ili kipite kwenda koridoni. Kisha Makufuli, kwa hasira zake, akakisukuma kioo mpaka mwisho wa reli, sentimita 58, ambazo katika miaka kumi na moja sikuwahi kuziona zote kwa pamoja.

Upepo uliingia, Mzee. Uliingia dirishani ukatokea mlangoni kana kwamba chumba hakimo njiani mwake. Uliinua kalenda, ukafungua daftari langu tarehe ambayo bado haijafika, ukazibeba Kanuni zako thelathini na moja kutoka mezani na kuziteremsha ngazi moja baada ya nyingine. Kumbe siku tuliyolifungua dirisha ndiyo siku niliyoliziba kwa kilo 31, na mlango nikaufunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Mke wangu aliiona Kanuni Na. 14 ikipita mbele ya saluni ya dada yake. Akapanda akiziokota, pini mdomoni, mpaka akafika mlangoni kwetu. Alisimama hapo, kanga ikivimba kwa upepo. Akatoa pini. "Hivi huu upepo ulikuwa wapi siku zote?" Makufuli akavua kofia, sijawahi kumwona bila kofia, akamjibu: "Ulikuwa nje, mama."

Cherehani imesharudi. Aliipandisha shemeji pamoja na mteja wake, aliyenyolewa nusu na hakuwa na namna ya kukataa. Kwa hiyo nyumba iendelee kusimama, na agizo lako, nalisema hili kwa uchungu wa mtu mwenye utaratibu, lilikuwa sahihi kuliko wewe ulivyojua. Kiyoyozi kiko koridoni, anayekitaka akichukue.

Uniwie radhi kwa mwandiko wa sehemu hii. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia nimeamriwa nishikilie ncha ya satini isipeperuke, na sijaruhusiwa kuuondoa.